Samsoni wa Gatwekera

Ungepita Gatwekera, mtaa wetu wa mabanda Nairobi, mchana wa likizo ya Aprili, zile siku za matope, kitu cha kwanza kukusimamisha mbele ya chumba cha mjomba Musyoka kingekuwa sauti ya vitufe. Tak-tak-tak, tak-tak, halafu kimya, halafu mtoto anaguna, halafu tak-tak-tak tena kwa hasira. Muziki hakuna, mlio wa ngumi hakuna, maana televisheni ya mjomba ilikuwa bubu. Mjomba alikuwa fundi wa redio. Siku moja mteja alikuja na redio iliyonyamaza, naye akaona njia ya mkato ni kuing'oa spika ya televisheni yake mwenyewe ili mtu apate kazi yake. Akasema atanunua nyingine mwisho wa mwezi. Hakusema mwezi gani. Basi sisi gemu tuliijua kwa vidole na macho, huku vumbi likiungua juu ya televisheni, waya zikinuka pale alipokuwa akizichomelea, na kutoka kwa jirani harufu ya chapati ikiingia mlangoni bila kukaribishwa.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, cha ukuta wa udongo na paa la mabati, kimegawanywa na pazia la maua. Nyuma ya pazia mjomba alilala na kupika. Mbele ya pazia palikuwa na meza ya redio za watu, benchi, televisheni, na mashine ya gemu aliyoipata mitumbani. Aliyekosa sarafu ya kuchezea alileta mtungi wa maji, naye alihesabiwa kama wengine. Diski zilikuwa nyingi lakini zimekwaruzika vibaya, ikabaki moja tu iliyokubali kucheza kutwa nzima bila kukwama. Mjomba alituambia gemu hiyo ilikuwa ya zamani kuliko sisi. Hapo mwanzo, alisema, ilikaa ndani ya kabati kubwa la kusimama, refu kuliko mtu, na watu wa nchi za mbali walilitilia sarafu ili wacheze. Baadaye wenye gemu wakaitengeneza upya, wakaipunguza hapa na pale, ikaenea kwenye mashine ndogo ya kuchezea nyumbani. Yeye mwenyewe aliwahi kuliona kabati la namna hiyo mjini, limekufa, watu wametundika makoti juu yake. Tulimwonea wivu hata kwa hilo la makoti.

Katika gemu hiyo wanaume wawili wanatembea mtaani wakimpiga kila wanayekutana naye. Kwa nini wanapiga, hatukujua. Maandishi yalikuwa ya kigeni, yale ya michoromichoro, na sauti, kama nilivyosema, ilikuwa imehamia kwenye redio ya mteja. Mmoja wao alikuwa jitu la nywele ndefu hadi mgongoni, na mwenzake kijana mwembamba. Ukivunja pipa, ndani anatoka kuku mzima wa kuchoma, amelala juu ya sahani, nawe unamla hapo hapo barabarani na nguvu zinakurudia. Sisi tuliokuwa tukionana na kuku Krismasi tulivunja mapipa yote yaliyokuwepo, hata huku tunapigwa mgongoni, ilimradi tumwone. Mwisho wa yote, tulijua, kuna jumba kubwa lenye nguzo, na ndani yake bosi wa mabosi. Tulijua, lakini hakuna mtoto wa Gatwekera, wala wa Kambi Muru, mtaa wa jirani, aliyewahi kulifikia.

Tulilijuaje, basi? Gemu yenyewe ilituonyesha. Ukiiwasha ukaiacha bila kuigusa, inasubiri kidogo, kisha inaanza kujicheza. Jitu linatembea, linapiga, linaruka, linaingia kwenye lile jumba, linazishika nguzo, halafu picha inakatika na kuanza upya. Mjomba alitueleza kwamba hiyo ni tabia ya kabatini. Kabati likiwa limesimama peke yake, halina mteja, lilijicheza lenyewe ili mpita njia atamani, aingize mkono mfukoni. Walipoipeleka gemu kwenye mashine ya nyumbani walisahau kuitoa hiyo tabia, au labda waliipenda tu. Tulikuwa tunaketi kwenye benchi tukiitazama bila kupumua vizuri, tukisoma mbinu zake, tukaona hata gemu inajua kucheza kutushinda.

Mchezaji hodari kuliko sote alikuwa Atieno wa Kambi Muru, rafiki yangu, ambaye mama yake aliuza omena, samaki wadogo wa ziwani. Alikuwa mkimya, na vidole vyake ulikuwa huvioni kwa kasi. Yeye kila mara alichukua jitu, mimi nikachukua kijana, maana tulicheza wawili kwa pamoja, kila mmoja na maisha yake matatu. Yako yakiisha na mwenzako ana ya akiba, ungeweza kubonyeza kitufe ukachukua maisha yake moja ukarudi. Lakini kwetu hilo lilikuwa jambo la aibu kuliomba, na ujinga mtupu kulikubali. "Atieno, nipe life moja tu." "Zii." "Moja tu, manze!" "Mwende, nimesema zii." Na mimi, siku nikiwa nayo ya akiba, nilikuwa mchoyo vilevile. Kila mtu alitaka kufika kwenye nguzo kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nililitaka jambo hilo hata kwenye ndoto.

Sasa nimlete mama yangu, maana bila yeye hadithi hii ni watoto tu wanabonyeza vitufe. Mama alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, mtu wa sauti nzito na leso iliyofungwa barabara. Mjomba Musyoka alikuwa kitinda mimba wa kwao, na Mama ndiye aliyemlea kule Kitui kabla ya kumleta Nairobi. Mwezi ule uliotangulia, kina mama walikuwa wamelifunga banda la video la Mutua, kijana wa Mama Mutua, mmoja wao wenyewe. Filamu alizoonyesha hazikuwa za watoto, na watoto walikuwa wamejaa humo. Mama ndiye aliyesimama akazungumza, na aliposimama Mama, jambo lilikuwa limekwisha. Mwenye ploti alichukua chumba, Mutua akafunga mizigo akarudi Kitui. Jumapili iliyofuata Mama Mutua aliketi mahali pake pa kila siku na akaimba. Alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wengine wote, na miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa, basi sisi watoto tuliamini haoni zaidi ya pua yake.

Sasa siku moja mjomba alikuwa ametoka kutafuta waya, sisi tumetumwa maji, mlango uko wazi, gemu tumeiacha inawaka, pedi mbili za kuchezea zimelala juu ya benchi. Mama akapita kumsalimia ndugu yake. Akapiga hodi, akaingia, hakuna mtu. Akageuka kwenye televisheni, akaona watu wanapigana. Akatazama pedi, hakuna aliyezishika. Akatazama televisheni tena: wanapigana, bila sauti, peke yao, na mle ndani hamna hata paka. Tulipofika na mitungi tulimkuta amesimama mlangoni, Biblia kifuani, anakemea kwa jina la Yesu.

Mjomba aliporudi alijitahidi kumweleza. Maskini, angenyamaza tu. "Dada, hiyo si mapepo. Ni kabati. Zamani ilikuwa kabati, sasa kabati likikaa bila mtu linajicheza ili liite watu waje."

"Linaita watu?"

"Eeh. Wapita njia. Wakiona, wanavutiwa, wanaingia."

"Musyoka," Mama akasema polepole, "umejisikia unavyosema?"

Sisi kule nje tulishika vinywa. Lakini kicheko kilikwisha mapema, kwa sababu jioni ile ile Mama alisimama mbele ya kina mama wenzake akawaambia alichokiona. Wakamkazia macho wote. Walikuwa wamelifunga banda la Mutua bila huruma, na sasa chumba kilikuwa cha ndugu wa mwenyekiti. Mama hakungoja aulizwe. Alisema Jumamosi wote waje waone kwa macho yao, na kama kweli ni kitu cha shetani, atakifunga kwa mkono wake mwenyewe, awe ndugu yake asiwe ndugu yake. Chumba kile kilikuwa ndiyo kazi ya mjomba na ndiyo nyumba yake. Kikifungwa, hakuna pengine pa kulala, ni kurudi Kitui kama Mutua.

Siku zile za kungoja zilikuwa mbaya. Mama alipika bila kuimba, na Mama kupika bila kuimba kulikuwa kama jiko bila moto. Mjomba alikuja kula kwetu kama kawaida, akatania kama kawaida, lakini nilipopita kwake nikaona ameshaanza kukunja nguo zake kwenye mfuko ule wa mistari. Nikamuuliza anaenda wapi. Akaniambia anapanga vitu vizuri tu. Nililia kwa uchungu, tena si kwa ajili ya gemu, mniamini. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyenipigia miluzi kutoka mbali nikitoka shule, na ndiye mtu mzima wa pekee niliyemjua ambaye uliweza kumshinda kwenye mabishano naye akakubali.

Jumamosi wakaja. Walikuja kwa mstari mmoja, wakirukia mawe kwenye matope, vitambaa vyeupe vichwani. Chumba kikajaa, waliobaki wakasimama mlangoni, na nyuma yao nusu ya Gatwekera. Waliomba kwanza, ombi refu. Kisha Mama akamwambia mjomba awashe mtambo na asiuguse mtu, wauone kama alivyouona yeye. Mjomba akawasha, akakaa pembeni mikono kwenye magoti. Gemu ikasubiri, ikasubiri, halafu ikaanza kujicheza. "Mnaona?" Mama akasema, na sauti yake ilikuwa chini isivyo kawaida. "Hakuna aliyeshika." Mmoja akaanza kunong'ona damu ya Yesu. Jitu likatembea, nywele zikipepea mgongoni, likawatupa watu huku na huku, likaingia kwenye jumba, likanyoosha mikono, huu kwenye nguzo hii na huu kwenye nguzo ile.

Ndipo Mama Mutua akainuka pale alipoketi, akaisogelea televisheni hadi miwani ikakaribia kugusa kioo, akasema, "Haya, na huyu si Samsoni?"

Kina mama wakatazamana. "Samsoni?" "Samsoni yupi?" "Kwani ni wangapi!" Mama Mutua akajibu. "Wa kitabu cha Waamuzi. Tazama nywele. Tazama nguzo. Hii ni nyumba ya Wafilisti." Na kweli, ukishaambiwa, ungeona nini kingine? Minong'ono ikapanda kuwa mazungumzo. Nilimtazama mjomba nikamwona mdomo wazi. Nikamtazama Atieno, ambaye hata si wa kanisa letu, akanipandishia mabega. Sisi tulikuwa tumeitazama gemu hiyo likizo nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria jambo hilo.

Lakini katibu wao, mwanamke mwembamba aliyetilia shaka kila kitu hadi uzito wa unga dukani, akasema tusiharakishe. Samsoni aliiangusha nyumba. Hapa tumeona ameshika nguzo tu, picha ikakatika. Basi nyumba na ianguke tuione, ndipo tutajua ni yeye. Isipoanguka, mwenyekiti anajua alichoahidi. Wote wakamgeukia Mama. "Na iwe hivyo," akasema. "Watoto, chezeni mfike kwenye nyumba."

Ile nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuifikia! Mjomba alifunga macho. Atieno alinawa mikono kwenye beseni, akaifuta kwenye gauni, akachukua pedi ya kwanza. Mimi nikachukua ya pili. "Na huyo mdogo ni nani?" mtu akauliza nyuma. Mama Mutua hakusita. Ni yule kijana aliyemshika Samsoni mkono akampeleka kwenye nguzo, si yumo kwenye Biblia? Kweli yumo. Nilihisi mgongo wangu ukinyooka. Nilikuwa nimecheza kijana yule likizo nzima bila kujua kwamba nina kazi.

Jamani, sijawahi kucheza mbele ya watu wa namna ile na sidhani nitacheza tena. Kwa kuwa televisheni haikuwa na sauti, sauti walitia wao. Atieno alipookota bomba la chuma chini, Mama Mutua akapaza sauti kwamba hilo ni taya la punda ambalo Samsoni aliwapigia Wafilisti, na kila Mfilisti aliyeanguka alisindikizwa kwa vigelegele. Tulipovunja pipa akatoka kuku, pakazuka ubishi mkubwa. Katibu akasema Samsoni hakula kuku. Mama Mutua akamjibu kwamba Samsoni alikuta asali ndani ya mzoga wa simba, na mwenye kuweka asali ndani ya simba anashindwaje kuweka kuku ndani ya pipa? Halafu akatokea yule mwanamke wa gemu mwenye mjeledi na viatu virefu, na chumba kizima kikapiga kelele pamoja, "Delila! Usimkaribie! Atieno, huyo ni Delila, atamkata nywele!" Atieno akamrusha hadi ng'ambo ya pili ya barabara. Mama yangu, mwenyekiti, alipiga kofi moja kubwa la shangwe, kisha akajikumbuka akakunja mikono.

Tulivuka mtaa wa kwanza, tukavuka wa pili, tukavuka ule wa bandarini uliokuwa kaburi letu la kila siku. Kelele zile zilitubeba. Lakini mbele ya mlango wa jumba wakatokea majitu mapacha, na hapo Atieno, ambaye alikuwa amebeba vita vyote mgongoni, akapigwa akaanguka. Akarudi na maisha yake ya mwisho, wakamwangusha tena. Jitu likafifia, likapotea. Akabaki kijana peke yake, mbele ya mlango, na maisha moja ya akiba.

"Samsoni amekufa?" sauti ikauliza. Nilimsikia mjomba nyuma yangu akivuta pumzi. Atieno alikuwa ameweka pedi magotini, hanitazami. Hakuomba. Kwa sheria zetu hangeomba. Na mlango wa jumba ulikuwa pale, hatua chache, niliokuwa nimeuota likizo nzima, na nilikuwa na maisha ya kuuingia kwa mikono yangu. Lakini kijana peke yake kwenye zile nguzo angefanya nini? "Atieno," nikasema, "chukua." Akanigeukia kama sijasema Kiswahili. "Chukua! Si ni Samsoni anaangusha nyumba?" Akabonyeza. Jitu likashuka kutoka juu, limezungukwa na mwanga, na kina mama waliinuka wote kwa pamoja, benchi likaanguka. Mimi nikajitupa katikati ya mapacha, nikawashika wanipige mimi, na nilipokufa mlango ulikuwa wazi na Atieno ameshaingia.

Bosi alikuwa mnene na mwenye bunduki, na Atieno hakumjali. Alimkwepa akakimbilia nguzo. Akabonyeza kila kitufe kwa pamoja, tak-tak-tak-tak, na nguzo ya kwanza ikapasuka. Kina mama wakahesabu kwa sauti kila pigo. Nguzo ya pili ikapasuka, dari likayumba, jumba lote likamwangukia bosi na jitu na kila kitu, kioo kikajaa vumbi. Vigelegele vya siku ile nadhani vilisikika hadi kwenye reli. Wanawake wazima walikumbatiana. Mjomba alikuwa ameketi sakafuni anacheka na kulia, na mimi nilikuwa nimemkaba Atieno shingoni kwa furaha.

Ndipo vumbi likatulia, na lile jitu likajitokeza kwenye kifusi, likajipangusa mabega, likatengeneza nywele na kuondoka zake likitembea. Katibu alikuwa tayari. "Samsoni alifia ndani," akasema. Mama Mutua akaivua miwani, akaifuta bila haraka. "Waliotengeneza hawapendi watoto walale wakilia," akasema. "Lakini nyumba imeanguka au haijaanguka?" Mama akajibu kabla ya mwingine yeyote. Imeanguka. Chumba kitabaki. Mlango uwe wazi wakati wote, watoto waombe kabla ya kucheza, na kitu hicho kisiachwe kujicheza peke yake tena. Jumatatu alimletea mjomba kitambaa cha kushona kwa mkono, cha kuifunikia televisheni ikiwa haina mtu. Na kuanzia hapo watoto wote wa shule ya Jumapili walihamia kwa mjomba kila Jumamosi, akawa anawauzia njugu.

Siku hizi nakaa Kawangware, hapa hapa Nairobi, upande unaoelekea Riruta, kwenye ploti ya maji ya mfereji na stima isiyokatika mara kwa mara. Mjomba Musyoka ana duka la kutengeneza simu si mbali na kwangu, na bado spika za watu humchanganya akili. Ndiye aliyemletea binti yangu zawadi mwaka huu: gemu ile ile, imetengenezwa upya kwa mashine za kisasa. Imekuwa nzuri, siwezi kubisha. Picha zinang'aa, mvua ya mle ndani inalowesha kabisa. Ina sauti sasa. Jitu lina jina, lina kazi ya ufundi wa magari, lina hadithi ndefu ya dada aliyepotea. Yule mwenye mjeledi ni polisi wa siri, tena mtu mwema, na nilipojua hivyo nilimwonea huruma kwa jinsi tulivyomtupa. Unaweza kuhifadhi mahali ulipofika, na maisha hayaishi. Binti yangu huvaa visikilizio, akacheza na watoto asiowajua wa mbali, na ukipita nyuma yake husikii ila vidole. Ameshamaliza gemu yote, na hakuna hata mtu mmoja aliyeinuka kwenye kiti.

Juzi Mama alikuwa kwetu, ametoka Kitui kwa sababu ya magoti yake. Aliketi nyuma ya mjukuu wake, akaitazama televisheni kwa muda, mtoto akavua visikilizio na kumuuliza nyanya yake, "Susu, unamjua huyu?" Mama akasema bila kupepesa macho kwamba anamjua sana, huyo ni Samsoni. Nilicheka hadi nikashika meza. Nikamwambia, Mama, kumbe hadi leo unaamini?

"Wewe nawe, Mwende," akasema. "Samsoni gani wa kuvaa jinzi?"

Kicheko kikanikauka. Nikamuuliza basi walijua. Akaniuliza nani hakujua. Wanawake wazima, wamesoma Waamuzi tangu wasichana, wakose kumjua Samsoni? Hata katibu alijua, ndiyo maana akadai nyumba ianguke. Nikasema lakini Mama Mutua na yale macho yake. Mama akacheka kidogo. Macho ya Mama Mutua, alisema, yaliona jiwe kwenye maharagwe ya jirani. Kisha akaacha kucheka, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alikuwa ameingia mle chumbani akiomba Mungu amtumie kitu chochote, chochote kile, cha kumzuia kumfukuza ndugu yake kwa neno lake mwenyewe, na alijua kwamba hakuna mwanamke mle ndani ambaye angethubutu kumpa. Wa mwisho kabisa wa kumpa angekuwa Mama Mutua. Na walipotoka, Mama Mutua alimshika mkono ili wasiteleze kwenye matope, wakatembea hivyo mpaka njia panda. Mama alitaka kumshukuru, akashindwa aanzie wapi. Mama Mutua akamwambia, "Wangu alirudi Kitui, Mama Mwende. Wako abaki."

Binti yangu akauliza kama anaweza kuendelea, na Mama akamwambia aendelee. Mimi niliketi pale nikilia waziwazi, bila aibu, huku lile jitu likitembea mtaani na jina lake jipya. Wametengeneza upya kila kitu kwenye gemu hiyo, wamempa sauti, kazi na ndugu. Mama Mutua hawakumweka, na bila yeye jitu lile si lolote ila fundi wa magari anayepiga watu.